Nyuma Ikilala, Usikimbilie Shokomzoba

Mjukuu wangu, sasa umeanza kushika spana hapa Muthara, utaletewa pikapu ya miraa iliyolala nyuma, na mwenyewe atakuamuru, "Badilisha shokomzoba." Usimtii haraka. Uzito hubebwa na springi. Shokomzoba huituliza tu springi ikishaanza kurukaruka.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, zichunguze shokomzoba za magari ya kale. Ford Model T ilitoka kiwandani bila hata moja. Waliozitaka walinunua za Hartford, zilizotokana na ubunifu wa Mfaransa Truffault. Hazikuwa na mafuta. Ni mikono miwili kama ya mkasi, katikati visahani vya chuma na vya mbao au ngozi vikisuguana, na nati inayokandamiza springi ndogo iliyovibana. Ukikaza nati, mkono unakuwa mgumu. Gari halinyanyuki hata kidogo.

Kuzirekebisha hakukuwa kwa kubahatisha. Ungefungua mkono kutoka kwenye ekseli, ukatia nchani mizani ya ndoano, ile ya kupimia kahawa inafaa kabisa, ukavuta taratibu. Usisome uzito pale mkono unapong'oka. Msuguano mkavu hushika zaidi kitu kikiwa kimetulia. Soma ukiwa unaendelea kusogea. Halafu upande wa pili, umbali uleule kutoka katikati, mpaka kushoto na kulia zilingane. Na visahani visiguswe na grisi, la sivyo kazi yote imekwenda bure.

Zikikazwa mno, springi haichezi kwenye mashimo madogo, tairi ndilo linalopigwa, na kwenye changarawe linaruka na kuacha barabara. Zikilegea, gari linaendelea kuyumba juu chini baada ya kila tuta. Kasoro kubwa ya shokomzoba hizi za msuguano ni kwamba shimo dogo na kubwa hukutana na ugumu uleule. Za mafuta huzidi kukaza kadiri zinavyosukumwa kwa kasi, ndiyo maana Ford Model A ya mwishoni mwa 1927 ilikuja na za Houdaille.

Sasa turudi kwenye pikapu. Inashuka Nairobi imejaa, inarudi tupu. Mwenyewe ameongeza majani ya springi ili ibebe zaidi, shokomzoba zikabaki zilezile zilizotengenezewa springi laini. Ikiwa tupu, springi ngumu inairusha ekseli na shokomzoba haina nguvu ya kuizuia. Dereva analalamika kwamba gari linacheza kwenye kona, naye anakimbiza miraa isinyauke!

Kwa hiyo anza na springi: angalia jani lililovunjika, bushi zilizoliwa, kisha ndipo uangalie kama shokomzoba inavuja. Ukiongeza jani, mwambie mwenyewe bei ya shokomzoba zinazolifaa papo hapo. Mwambie pia apunguze magunia. Atacheka, mwambie hata hivyo. Na ukimaliza, lijaribu gari likiwa na mzigo, kisha likiwa tupu, mwenyewe akiwa ameketi kando yako.