Anayekataa Chapati Yako Hajakudharau

Kwetu chakula ni heshima. Mgeni hata akiwa ameshiba huambiwa akae, anawe, aonje japo tonge moja. Naipenda desturi hiyo na sitaki ife. Lakini wapo ndugu zetu ambao tonge hilo moja huwaumiza kwa siku kadhaa, na leo nawaomba tujifunze kuishi nao kwa adabu. Hao ni wenye ugonjwa wa seliaki.

Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai mna protini inayoitwa gluteni. Mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake mwenyewe hugeuka ikaushambulia utumbo mwembamba. Ukuta wa utumbo huo una vijidole vidogo mno vinavyofyonza lishe. Vikishambuliwa hulala bapa, na chakula hupita bila kuufaa mwili. Hapo huja kuharisha, tumbo kujaa gesi, upungufu wa damu unaorudi kila vidonge vikiisha, mifupa dhaifu, na kwa mtoto, kudumaa. Wengine hawaumwi tumbo kabisa, ni uchovu tu usioelezeka. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Asikudanganye mtu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Inakadiriwa kuwa duniani mtu 1 katika kila 100 anao, na wengi hawajijui. Miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa ni vya hapa hapa Afrika, kwa Wasaharawi wa Sahara Magharibi: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta nao watoto zaidi ya 5 katika kila 100. Nasi siku hizi chai ya asubuhi haijakamilika bila mkate, mandazi au chapati.

Nasaha yangu ya kwanza: mtu akikwambia "hiki kinanidhuru," mwamini. Usimwambie anajidekeza, wala usimwulize mbona jana alionekana mzima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata tiba ya ugonjwa huu imetokana na kusikiliza. Inasimuliwa kwamba daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyatilia maanani maneno ya mama aliyeona mwanawe anapata nafuu kila mkate unapoondolewa. Kisha ikaja njaa kali ya mwaka 1944 na 1945, mkate ukaadimika nchini humo, na watoto wenye seliaki wakaonekana kuimarika wakati wenzao wanadhoofu. Mkate uliporudi, maradhi yakarudi nao. Mwaka 1950 Dicke akaweka matokeo yake katika tasnifu, na lawama ikaishia kwenye ngano. Maneno ya mama wa watu yangepuuzwa, watoto wangapi wangeendelea kulishwa kile kile kinachowaua?

Ya pili ni ya mwenye nyumba. Kukataa chakula si kumtukana mpishi. Waislamu wanakijua kisa cha Mtume aliyeandaliwa nyama ya mjusi wa jangwani akaiacha kwa kuwa hakuizoea, huku sahaba wake Khalid bin Walid akila mbele yake, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Ikiwa kutozoea kulitosha kuwa udhuru, itakuwaje maradhi? Na kumkirimu mgeni huyu si kazi ngumu, kwani jikoni kwetu mna baraka tele: ugali wa mahindi au mtama, wali, muhogo, ndizi, viazi, maharage, samaki, vitumbua na mkate wa kumimina wa mchele. Hatari imo katika kuchanganya. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo, yaani kiasi kisichoonekana kwa macho. Kwa hiyo haifai kumpa nyama uliyoitoa ndani ya sambusa, wala viazi vilivyokaangwa katika mafuta ya mandazi, wala kumpakulia kwa upawa uliotoka kwenye sufuria ya tambi. Osha vyombo, mpikie yeye kwanza, mpakulie kwanza. Kumbuka pia kwamba bokoboko ni ngano, na unga wa uji wa lishe huenda una ngano ndani yake au umesagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Nawe mama lishe, mteja akikuuliza kilichomo na hukijui, sema hukijui. Jibu hilo halitakupotezea riziki, na huenda likamwokoa mtu.

Ya tatu ni yako wewe mwenye ugonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Usingoje sinia litue mbele yako ndipo uanze kujieleza. Mweleze mwenyeji wako mapema, kwa upole na kwa ufupi. Ukibeba chakula chako, kibebe bila kutahayari. Na usile kwa kuona haya, kwa maana furaha ya mwenyeji itapita jioni ile ile, na utumbo utakaoumia ni wako. Kama wewe ni Mkatoliki, zungumza na padri wako: Kanisa lilieleza mwaka 2003 kwamba hostia yenye gluteni kidogo sana inakubalika, na asiyeweza hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake.

Ya nne ni ya wazazi. Mtoto akiharisha mfululizo, tumbo likavimba na uzito ukagoma kupanda, msimtafute mwenye jicho baya mtaani. Mpelekeni hospitali, na muulize waziwazi kuhusu seliaki, kwani ni rahisi kusahaulika. Lakini msimwachishe ngano kabla ya vipimo. Kipimo cha damu hutafuta alama za mapambano ya mwili dhidi ya gluteni. Ukiiondoa mapema, alama hupungua na ugonjwa hujificha. Mara nyingi baada ya damu hufuata endoskopia, ambapo kipande kidogo cha utumbo huchukuliwa na kuchunguzwa. Akibainika anao, wazazi na ndugu zake wa damu nao wapimwe, maana kwao uwezekano hufika takriban 1 katika 10. Wala msimtenge mtoto huyo mezani. Itakapowezekana, nyumba nzima ile anachokula yeye, ajue kwamba hakupewa adhabu.

Ndugu msomaji, utakapoalika watu kwa futari, harusi au hitima, ongeza swali moja katika mwaliko wako: kuna chakula kinachokudhuru? Atakayekujibu, usimdai ushahidi. Mpikie anachoweza kula, umkaribishe kwa moyo ule ule.