Mapenzi ya Jamaa na Siri za Dola

Kule Marekani mtu hakabidhiwi siri za serikali ila baada ya kujaza waraka mrefu, ambamo huwataja wazazi wake, ndugu zake, wanawe na hata wakweze, pamoja na uraia wao na makazi yao. Na ikiwa mamake yu hai ng'ambo, tuseme Mombasa au Maskati, basi mama huyo, ambaye pengine hajapata kukanyaga ofisi ya serikali yoyote, huingizwa katika hesabu ya mambo ya kutiliwa shaka. Kanuni itumikayo tangu mwaka 2017 haisemi kwamba kumpenda mzazi ni khiyana. Yahofu tu kwamba dola ngeni yaweza kumtishia aliye huko ili alegee aliye huku, na panapobaki shaka huamuliwa kwa maslahi ya usalama wa taifa, si ya mwombaji.

Hofu hiyo si ya bure. Mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akijiandaa kwa siri kuiendea Makka, Hatib bin Abi Balta'a, sahaba aliyepigana Badri, aliwaandikia Makureshi barua ya kuwatanabahisha, na ilipokamatwa naye akahojiwa, alijibu kwamba hakuritadi, bali jamaa zake walikuwa Makka, naye, kwa kuwa hakuwa Mkureshi kwa nasaba, hakuwa na wa kuwahami, ndipo akataka Makureshi wawiwe naye hisani. Sayyidna Umar aliomba idhini ya kumpiga shingo. Mtume alimsadiki, akamwachilia. Kitendo kililaumiwa, na Kurani ikateremka kukikemea, lakini Mtume hakumhesabu Hatib kuwa mnafiki, kwani ilidhihirika kwamba mtu mwaminifu aweza kuteleza kwa mapenzi peke yake. Ndiyo maana mafakihi wa Kishafii hawaupokei ushahidi wa baba kwa manufaa ya mwanawe, ajapokuwa mwadilifu, wala hapana aonaye kuwa amevunjiwa heshima.

Linalonitia dhiki ni jingine. Kanuni hiyohiyo ya Marekani, itafutapo sababu za kuondoa shaka, humhesabia mwombaji kuwa ni kheri iwapo mawasiliano yake na walio ng'ambo ni ya nadra na ya juujuu. Na kwa kuwa uhusiano wa wazazi na ndugu hudhaniwa kwanza kuwa wa karibu, ni juu yake kuthibitisha kinyume, hata yaweza kumfika mwana kusimama mbele ya hakimu akitoa ushahidi kwamba humpigia mamake simu mara chache tu kwa mwaka. Hapo serikali, pengine bila kukusudia, humlipa fadhila aliyekata udugu, jambo ambalo dini zetu zimelitaja miongoni mwa madhambi makubwa. Bibi Asmaa binti Abubakar, alipojiwa Madina na mamake aliyekuwa bado mshirikina, alimwendea Mtume kuuliza kama amuunge, akaambiwa amuunge. Na Makka wakati huo haikuwa rafiki.

Dola ina haki ya kumnyima mtu siri yake, lakini haina haki ya kuufanya upungufu wa wema kuwa sifa. Kanuni yenyewe inao mlango ulio bora, yaani kutazama mizizi ya mwombaji katika nchi anayoitumikia. Nami naona mlango huo ndio upewe uzito wa kwanza, na mhoji, badala ya kuhesabu simu, aulize kama mtu huyu, siku atakapotishiwa kwa ajili ya mamake, atakuja mwenyewe kuwaambia wakubwa wake, na kama hao wakubwa watampokea kwa insafu.