Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Pwani ya Mji na Wenye Mji

Methali hii kila mmoja wetu ameijua tangu utotoni: mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaisema mgeni abishapo hodi, na aghalabu twaisema kwa kicheko, kwa kuwa siku ya mgeni ndiyo siku ya kuchinjwa kuku, na watoto wa nyumba hupata mnofu ambao siku nyingine hawauoni. Lakini wahenga hawakuitunga methali hii kwa ajili ya kuku peke yake. Tukiitazama vizuri twaona ina matendo mawili, na kila tendo lina mwenyewe. Kuja ni kazi ya mgeni. Kupona ni fungu la mwenyeji. Wahenga hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Katika insha hii twataka kuifanya methali hiyo mizani, tupimie jambo linalotendeka leo katika miji mingi yenye maji na historia. Jambo lenyewe ni kuzitengeneza upya pwani, kingo za mito na mifereji ya kale iliyo katikati ya mji, ili wageni wavutike kuja kutembea. Swali letu ni moja: mji hupambwa kwa ajili ya nani?

Tuanze nyumbani, Unguja. Mji Mkongwe wa Zanzibar zamani ulikaribia kuzungukwa na maji. Magharibi ilikuwapo bahari ya majahazi. Mashariki lilikuwapo hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nyuma ya nyumba, na maji ya bamvua yalipojaa mji ulikuwa karibu kisiwa. Daraja lililovuka hori hilo ndilo lililoacha jina la Darajani, na upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Katika karne ya 20 hori lilifukiwa kidogo kidogo hata likatoweka, na juu yake ikapita barabara ambayo leo ina jina la Rais Benjamin Mkapa. Maji yamekwenda, majina yamebaki, na majina hayo ni ushahidi. Yatufundisha kwamba maji ya mjini hayakuwa pambo tu. Yalikuwa mpaka. Upande huu zilisimama nyumba za mawe za watawala na matajiri wa biashara. Upande ule nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti, za mafundi, wachukuzi, na watu waliotoka utumwani. Basi atakayesema turudishe uzuri wa zamani hana budi kuulizwa kwanza: uzuri upi, na ulikuwa wa nani?

Hata jina la Forodhani halikutokana na starehe. Forodha ni mahali pa kutoza ushuru. Hapo pwani zilipita karafuu na pembe za ndovu, na katika zama za giza walipita binadamu, hadi soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Bustani iliyopo ilianzishwa mwaka 1936, kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Lakini wenyeji huiita Forodhani tu. Watu wamelichagua jina la kazi wakaliacha la sherehe, na kwa kufanya hivyo wameichukua bustani ya mfalme wakaifanya baraza yao. Jioni ikiingia, familia hutoka kupunga upepo. Wapishi huwasha taa zao, mishikaki na pweza vikageuzwa juu ya makaa, na miwa ikakamuliwa. Maji yakijaa, vijana hukimbia wakachupa baharini kutoka juu ya ukuta, huku wenzao wakishangilia. Vijana hao hawalipwi. Mgeni akiwapo hutazama. Asipokuwapo, huchupa vile vile.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo letu. Kitu kinachompendeza mgeni katika pwani ya mji ni maisha ambayo hayakupangwa kwa ajili yake. Bahari peke yake angeiona kwingine, na ukuta wa mawe angeuona kwao. Amekuja kuwaona watu wakiwa watu, na watu hao wakiondolewa ili yeye apate nafasi, kile alichokijia kimeondolewa pamoja nao.

Bustani hiyo ilipochakaa, ilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa shirika la utamaduni la Aga Khan, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Ukuta wa bahari uliimarishwa, taa na nyasi zikatengenezwa, watoto wakapata pa kuchezea. La maana zaidi kwa mizani yetu ni kwamba wapishi walipangiwa mahali pao, na lango halikutozwa kiingilio. Twasema hivi bila ya kudai kwamba kila neno la manung'uniko lilikwisha, kwa sababu kila kipya huacha mtu aliyekosa. Lakini mwenyeji alirudi akakaa, na huo ndio mwanzo wa kupona.

Si kila mahali mambo huenda hivyo, nasi tuna la kukiri. Tuliwahi, katika kazi ya ofisi, kukaa katika kikao cha kujadili kupamba pwani ya mji mmoja ambao hatutautaja. Uliletwa mchoro wa rangi, wenye taa, viti, vyungu vya maua, na wageni wa kofia pana wakitembea. Alikuwapo mzee mmoja mvuvi, ambaye, kwa kusema kweli, alialikwa ili ionekane kwamba wananchi wameshirikishwa. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akasema, "Waheshimiwa, hapa pana kila kitu, ila mimi sijioni. Ngalawa yangu nitaivuta wapi?" Watu wakacheka. Nasi tulicheka, kisha tukatia sahihi. Miaka kadhaa baadaye tulipita pale. Viti vilikuwapo na taa zilikuwapo, pamoja na mlinzi aliyetuuliza tulikuwa tunamtafuta nani. Hatukuwa na jibu. Kicheko cha siku ile kinatuuma hadi leo, maana swali la mzee lilikuwa ndilo swali pekee la kifalsafa lililoulizwa katika kikao kile.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini pekee. Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, ndio mji wa mifereji unaosifiwa kuliko yote duniani. Mwaka 1951 watu waliokaa katika mji wake wa kale walikaribia 175,000. Ilipofika mwaka 2022 walikuwa wamepungua chini ya 50,000. Kodi za nyumba zilipanda, kazi nyingine zikahama, nyumba zikageuzwa malazi ya wapita njia. Mwaka 2024 mji huo ulianza kuwatoza ada wageni wa kutwa katika baadhi ya siku, mfano wa mlango wa maonyesho. Mawe yamehifadhiwa vizuri sana, lakini wenyeji wameondoka. Na Seoul, huko Korea Kusini, mto wa Cheonggyecheon uliokuwa umefunikwa kwa barabara ulifunuliwa tena mwaka 2005, karibu kilometa 6 katikati ya mji. Maji yalirudi, watu wakapata pahala pa kupumulia. Lakini wachuuzi waliokuwa wakipata riziki yao pale walihamishwa, na wengi hawakuridhika. Jambo moja laweza kuwa jema kwa mji mzima na chungu kwa kitongoji kimoja. Haki haipimwi kwa kuhesabu waliofurahi tu.

Yupo atakayetujibu, naye ana hoja nzito: "Maneno yenu ni mazuri, lakini mawe hayajengwi kwa maneno. Bila ya fedha za wageni mji utaanguka." Hatuwezi kumpuuza. Zanzibar iliyotegemea karafuu sasa yategemea sana utalii. Nyumba za chokaa na mawe zataka kutunzwa kila mwaka. Mvua ikiingia darini, boriti huoza na ukuta hufumuka. Kwa ajili hiyo iliundwa Mamlaka ya Mji Mkongwe mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 mkabala wa Forodhani, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, ilhali kazi ya ukarabati inaendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mara nyingine ukuta hauanguki peke yake.

Basi fedha zatakiwa, na mgeni ni wa kukaribishwa. Lakini hoja hiyo ikitazamwa sawasawa haitupingi, bali yatuunga mkono. Kama mji wakarabatiwa ili usianguke, ni nani asiyetaka uanguke? Mgeni wa siku tatu akisikia kwamba jumba limeanguka atasikitika, kisha atachagua mji mwingine. Mwenye kuuona ufa wa kwanza, kabla haujawa habari, ni yule apitaye chini yake kila siku akienda sokoni. Mwenyeji ndiye mlinzi wa kwanza wa urithi. Ukimhamisha ili kuupamba mji, umemwondoa aliyekuwa akiuchunga bila ya mshahara.

Kutokana na hayo twaona masharti matatu. Kwanza, njia ya pwani iwe wazi kwa kila mtu, na kiti cha umma kiwe cha umma. Wazee wetu walijenga baraza za mawe nje ya nyumba zao. Tajiri alijenga, maskini akakaa, na hakuulizwa alikuwa anamtafuta nani. Hilo ni fundisho la utu lililoandikwa kwa chokaa. Pili, aliyekuwa na riziki mahali hapo apangiwe riziki kabla ya mahali kuvunjwa, wala si baadaye. Tatu, historia isimuliwe yote. Mgeni akionyeshwa milango ya nakshi, aambiwe pia habari za Ng'ambo, za wachukuzi, na za waliouzwa. Mji unaoficha machozi yake ili upendeze huwa umejidanganya wenyewe kwanza. Na mgeni naye ana wajibu wake: kuvaa kwa heshima, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kukumbuka kwamba ameingia nyumbani kwa watu.

Mnamo Desemba 1962, akianza urais wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Roho haikai nje ya mwili. Nakshi, mizinga na kuta ni mwili. Roho ni watu wanaoishi humo, wakinunua samaki, wakigombana kwa mahari na kusameheana jioni barazani.

Nanyi walimu na vijana wa sekondari, tungependa mlifanye jambo hili kuwa kazi ya mikono yenu. Kila mji wetu una maji yake: gati, mto, kisima, hata mfereji uliokauka. Nendeni mkawaulize wazee lilikotoka jina lake, nani alifanya kazi pale, nani alizuiwa kupita. Yaandikeni. Siku mchoro wa rangi utakapoletwa, na siku hiyo haiko mbali, mwe na la kusema mezani. Na akiwapo mzee wa ngalawa asiyejiona katika mchoro, msicheke.

Mgeni na aje, tena aje kwa wingi. Lakini atakapobisha hodi, pawe na mwenyeji ndani wa kumwitikia karibu.