Fundi wa Kuezeka na Kweli Yake

Mjini Tunduma kila fundi wa kuezeka atafuta wateja. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, lakini likiisha kupigiliwa juu, wachache walitambua. Tena msumari wapaswa kupigwa mgongoni mwa bati. Ukipigwa bondeni, maji hupenya. Mvua zijapo Novemba, fundi amekwisha kulipwa.

Basi, asemaye kweli ili apate wateja wengi, je, si kuiuza kweli? Wengine wasema haina thamani. Mimi sikubali, nyumba ya mteja haivuji. Ila namwuliza fundi huyo: jioni, peke yako juu ya paa, msumari umekwenda bondeni, utaziba tundu? Mjane mwenye nyumba yu jikoni, hajui kitu.