Je, Pakiti Isiyosema Uwongo Husema Kweli?

Je, mtu aweza kutamka maneno ya kweli matupu, na hata hivyo akahesabiwa kuwa mdanganyifu? Swali hili ni la kale, na wenye hekima wa kila taifa wamelijadili. Lakini leo, ndugu msomaji, nataka tulitazame kwa njia ya kitu kidogo sana, kinacholiwa kwa dakika mbili: yaani vile vitafunio vya pakiti, vipande virefu vya oti, njugu, matunda makavu na chokoleti, vilivyobanwa pamoja kwa shira. Hapa Uingereza wanafunzi wengi huvila badala ya chakula cha asubuhi, na siku hizi vinauzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam.

Asiyevijua na afikirie kashata. Kashata ya njugu ina njugu, sukari na pengine iliki; mnunuzi huziona njugu kwa macho yake na kuijua sukari kwa ulimi wake. Kitafunio cha kiwandani chatakiwa kufanya kazi kubwa zaidi. Hapana budi kibaki laini kwa miezi mingi, mafuta yake yasichache, wala chokoleti yake isiharibike. Kwa hiyo hutiwa gliserini ili kisikauke, na lesithini ili mafuta yachanganyike sawasawa na vitu vingine, na mara nyingine hutiwa dawa ya kuyahifadhi mafuta. Mwenye kudai kwamba kila jina asilolijua bibi yake ni jina la sumu hatendi haki. Lesithini nyingi hutoka katika soya na alizeti, ambazo ni mimea ya Mwenyezi Mungu kama mingine. Basi ubishi wetu hauhusu kuongezwa kwa kitu. Twauliza tu, mnunuzi ameambiwa nini?

Mwenye kiwanda hujibu upesi: "Nimeandika kila kitu." Na kwa kweli ameandika. Kanuni za kimataifa za chakula ziitwazo Codex Alimentarius, zilizotoa kanuni yao ya maandishi ya pakiti mwaka 1985, zaagiza kwamba viambato vipangwe kwa uzito, kilicho kingi kitajwe kwanza. Hii ni kanuni njema sana. Lakini tazama jinsi kanuni njema inavyoweza kutiiwa na kuvunjwa kwa wakati mmoja. Tuchukue mfano wa kubuni. Kitafunio kina mafungu 100: oti 30, shira ya glukosi 14, sukari 12, asali 8, na vilivyobaki ni njugu na matunda. Oti zitaandikwa za kwanza, na mama anayemnunulia mwanawe atasema, "Hiki ni chakula cha nafaka." Lakini jumlisha shira, sukari na asali: ni 34. Kitu kilicho kingi kuliko vyote ni utamu, nao umegawanywa katika majina matatu ili kila jina lishuke chini. Hakuna neno moja la uwongo katika orodha ile, na mama yule amekwenda nyumbani na picha isiyo ya kweli.

Hapa ndipo tunapokumbuka habari iliyohifadhiwa katika Sahihi Muslim. Mtume Mtukufu s.a.w. alipita sokoni akatia mkono ndani ya chungu la nafaka, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipouliza, muuzaji alisema kwamba mvua ndiyo iliyoinyeshea. Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu, ili watu waione; kisha akakemea vikali udanganyifu. Msomaji na afikiri kidogo juu ya muuzaji huyu. Hakutangaza kwamba nafaka yake yote ni kavu. Nafaka ya juu ilikuwa kavu kweli, na kila mtu alikuwa huru kutia mkono. Lau angekuwa na wakili, angejitetea vizuri kabisa! Lakini utetezi huo haukukubaliwa, kwa sababu ukweli ulipimwa kwa yale ambayo mnunuzi alifanywa ayaamini. Mpangilio wa chungu ulikuwa ni usemi, ingawa mdomo ulinyamaza.

Tuje sasa kwenye jambo lililotokea nchini Uingereza mwaka 2007. Mwezi Mei ilijulikana kwamba kampuni ya Mars, itengenezayo vipande vya chokoleti vinavyojulikana duniani kote, imeanza kutumia unga wa maji ya maziwa uliopatikana kwa kigandisho kitokacho katika matumbo ya ndama. Watu wasiokula nyama walilalamika kwa maelfu, na kabla mwezi haujaisha kampuni ilirudi nyuma na kuomba radhi. Twaisifu kwa hilo, na pia kwa kukiri waziwazi. Lakini tuone jambo lenyewe: sheria haikudai kigandisho kitajwe. Unga wa maji ya maziwa ungeandikwa kwa jina lile lile, kabla na baada. Mtu aliyejizuia na nyama kwa miaka ishirini angesoma kwa uangalifu wote, asione tofauti yoyote. Kunyamaza kwa namna hii, kwa mtu ajuaye kwamba mwenziwe anakitafuta kitu hicho hicho, hakuwezi kuitwa ukweli kwa sababu tu sheria imeruhusu.

Wengine husema kwamba mambo haya ni kazi ya serikali, si ya dhamiri. Jibu letu ni kwamba serikali nazo hujifunza. Machi 2015 idara ya chakula na dawa ya Marekani iliikataza kampuni iitwayo Kind kuviita vitafunio vyake kadhaa kuwa ni vya afya, kwa sababu vilipita kipimo cha mafuta mazito. Nao wenye kampuni walijitetea kwamba mafuta yale yalitoka katika njugu. Mwaka 2016 idara ililegeza katazo lake, na Desemba 2024 ikatoa maana mpya ya neno lenyewe, inayoitazama pia sukari iliyoongezwa, ambayo maana ya zamani haikuiuliza kabisa. Basi kwa miaka mingi lozi ilikuwa na hatia, na peremende isiyo na mafuta haikuulizwa swali la sukari yake. Mwenye kuikodisha dhamiri yake kwa kanuni atalazimika kuibadilisha kila kanuni inapobadilika.

Lakini wewe uliyesilimu karibuni, au unayeuchunguza Uislamu, usidhani kwamba kosa liko upande wa muuzaji peke yake. Kuna orodha zinazopitishwa katika simu zisemazo kwamba kila namba yenye herufi E ni mafuta ya nguruwe. Huo ni uzushi. E 300 ni vitamini C, na E 330 ni asidi ile ile iliyomo ndani ya ndimu. Ni kweli kwamba E 120 ni rangi nyekundu itokayo katika vidudu, na kwamba E 471 yaweza kutoka katika mmea au mnyama bila ya namba kukuambia ni kipi. Lakini amsingiziaye mwenye kiwanda kwa jambo asilolijua amefanya lile lile analomlaumu kwalo: amemwachia msikilizaji picha ya uwongo.

Watu waliwahi kumwambia Mtume s.a.w. kwamba waliosilimu karibuni wanawaletea nyama, nao hawajui kama jina la Mungu lilitajwa. Hakuwaamuru wawashuku; aliwaambia walitaje wao jina la Mwenyezi Mungu, na wale. Basi dhana mbaya haikufanywa kuwa uchaji. Kwa upande mwingine, pakiti ina anwani, na mwenye shaka ya haki anaweza kuuliza.

Ukiandika barua, usiulize tu, "Je, ni halali?" Karani asiyejua neno hilo atajibu ndiyo au hapana ili amalize kazi yake. Uliza: "Gliserini yenu na E 471 yenu hutokana na mmea au mnyama? Kama ni mnyama, ni mnyama gani?" Jibu likija, andika tarehe yake juu, kwa maana viwanda hubadili wanaowauzia mali, na kama tulivyoona, maandishi ya nje yaweza kubaki vile vile hata herufi moja isibadilike.