Shukrani ya Punda

Juni 2025, nyumbani kwetu Temeke, palizuka ugomvi juu ya uchaguzi wa meya wa New York. Usicheke, ndugu msomaji. Mtoto wa mjomba wangu anaishi kule. Usiku husafisha maofisi, mchana hulala, na ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Basi siku hiyo alipiga simu kumwamkia mama yangu, ambaye ni shangazi yake, na katika mazungumzo akatoboa siri.

"Shangazi, chama chetu kimesema tumuunge mkono yule gavana wa zamani. Mimi nimekataa. Kila Jumamosi nazunguka nagonga milango ya watu, nampigia debe mwingine."

Mama akanyamaza kidogo. "Mwanao alipolazwa, si bima ya chama ndiyo iliyolipa? Angalia, baba. Shukrani ya punda ni mateke."

Salio likaisha, simu ikakatika. Ugomvi ukabaki kwetu wawili, maana mimi nilikuwa upande wa kaka.

Niieleze kwanza habari yenyewe. Ule haukuwa uchaguzi wenyewe bali mchujo, kama kura za maoni za vyama vyetu hapa nchini. Chama cha Democratic kilikuwa kinamtafuta mgombea wake. Upande mmoja alikuwapo Andrew Cuomo, gavana wa jimbo tangu 2011 hadi alipojiuzulu 2021. Upande wa pili alikuwapo Zohran Mamdani, mjumbe wa bunge la jimbo, mzaliwa wa Kampala mwaka 1991. Baba yake ni Profesa Mahmood Mamdani, aliyewahi kufundisha Mlimani miaka ya 1970. Kijana huyo aliahidi kuzuia kupanda kwa kodi za nyumba zilizo chini ya udhibiti wa serikali, mabasi ya bure, na malezi ya watoto bila malipo.

Vyama vikubwa kama 32BJ cha wafanyakazi wa majengo, 1199SEIU cha wahudumu wa afya, na kile cha wafanyakazi wa hoteli, vilimpa mkono Cuomo. Waliomwahi Mamdani mapema ni UAW, kanda ya 9A. Jina la UAW ni la waunda magari, lakini katika kanda hiyo utawakuta mawakili wa msaada wa sheria, wafanyakazi wa makumbusho, na wanafunzi wanaofundisha vyuo vikuu.

Sasa tusiwafanye viongozi wa vyama vile vikubwa kuwa wajinga. Mwaka 2016 Cuomo alitia saini sheria ya kupandisha kima cha chini cha mshahara hatua kwa hatua hadi dola 15 kwa saa. Mtu wa namna hiyo akija kukuomba kura unamjibuje? Isitoshe, wengi waliamini kwamba ndiye atakayeshinda. Kiongozi wa chama ana mikataba ya maelfu ya watu mkononi. Akimnunia mshindi, watakaoumia ni wanachama. Hapo ndipo mama aliponibana: "Kaka yako anacheza kamari kwa sahani za wenzake."

Neno lile lilinikosesha usingizi. Maana mimi ndiye ninayesema siku zote kwamba mgomo ukiitishwa, anayeingia kazini kwa mlango wa nyuma ni msaliti. Iweje basi anayempinga mgombea wa chama nimwite shujaa? Mshikamano ni kitu unachokivaa na kukivua kama kofia?

Mimi niliyeishia kidato cha nne sina falsafa ya vitabuni, lakini niseme nilivyolipima jambo hili. Mgomo hushinda kwa sababu wote wanasimama pamoja mbele ya mwajiri. Mmoja akiingia, amewavunja wengine hapo hapo. Kura ni kitu kingine. Imewekwa kuwa siri makusudi, ili tajiri asiweze kuidai, wala mume, wala chama. Chama kinaweza kushauri, hata kwa sauti kubwa. Kaka hakujitoa chamani, wala hakuacha kulipa ada, wala hakuwatukana viongozi wake. Nilimuuliza hata kuhusu mavazi, akaniambia alipogonga milango hakuvaa fulana ya chama. Alikwenda na jina lake tu.

Na hilo deni la fadhila nani analidai? Novemba 2012 wafanyakazi wa migahawa ya vyakula vya haraka katika jiji lile lile la New York waliacha kazi na kuingia mitaani kudai dola 15 kwa saa. Walionekana wendawazimu. Gavana alitia saini miaka zaidi ya mitatu baadaye. Kalamu ilikuwa yake, hilo simnyimi, lakini njaa na hatari ya kufukuzwa vilikuwa vya wale.

Nilipomweleza mama hayo, nilitegemea anifokee. Badala yake akakaa kwenye kigoda, akaanza kukumbuka. Yeye alifanya kazi kiwanda cha nguo mwishoni mwa miaka ya 1980, enzi za JUWATA. Msomaji kijana pengine hajui kwamba mwaka 1964 vyama huru vya wafanyakazi wa Tanganyika vilivunjwa ikaundwa NUTA, na Katibu Mkuu wake akawa ndiye Waziri wa Kazi. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, jumuiya ya CCM. Ada ilikatwa kwenye mshahara na mkutano ukiitwa mnakwenda.

"Tulikuwa tunapiga makofi," mama akasema. "Tunashukuru, eti, kwa mshahara wetu wenyewe."

Nikadhani nimeshinda. Kumbe bado.

Siku ya mchujo, Juni 24, jiji lilikuwa kwenye wimbi la joto la kutisha, na watu wakapiga kura vivyo hivyo. Mamdani akashinda, akiwa na asilimia 56 katika hesabu ya mwisho. Baada ya mchujo vyama vile vikubwa navyo vikamgeukia. Novemba 4 akachaguliwa meya, na Januari 1, 2026 akaapishwa. Kaka akapiga tena simu, sauti juu. "Shangazi, huyu ni wa kwetu! Mwaka 2021 madereva wa teksi waliofilisiwa na mikopo ya leseni waligoma kula siku 15, naye akagoma pamoja nao. Mikopo mingi ikashushwa hadi dola laki moja na elfu sabini. Mtu aliyelala njaa na wewe huwezi kumsahau!"

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Na huyu akikosea, baba, utamgongea mlango na yeye?"

Kaka hakujibu mara moja. Nikamsikia anapumua, na nyuma yake gari moshi likipita.

Hapo nikaona kwamba mama na mimi tulikuwa tunapigania jambo moja bila kujua. Kama fadhila ya Cuomo haikuwa hati ya kumiliki kura za wafanyakazi, basi njaa ya Mamdani nayo si hati. Ukimkataa mkubwa wa jana kwa sababu kura ni yako, kisha ukamkabidhi mkubwa wa leo kwa sababu ni wa kwetu, umebadilisha bwana tu. Ni rahisi kumpinga usiyempenda. Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza kumkabili mtu niliyemtembelea mitaa mizima kwenye jua kali.

"Nitamgongea, shangazi," kaka akasema hatimaye.

"Haya. Mimi nipo, nasikiliza."

Nawe msomaji, yule uliyempigia debe juzi, mlango wake unaujua?