Barua Mbili Mezani

Somo la juma: Luka 14:28–30, Mwanzo 13:5–13



Mahafali yamepita, sasa tuko kwenye msimu wa barua za ajira. Vijana wetu waliomaliza vyuo wamerudi nyumbani, wengine Rhotia, wengine Endabash, wengine hapa hapa Karatu mjini, na kutwa nzima wameshika simu wakisubiri Sekretarieti ya Ajira itoe majina au hoteli fulani iwaite kazini. Barua ikifika nyumba nzima hushangilia. Tunashukuru, tunaiombea, kisha tunamuuliza kijana: wanakulipa shilingi ngapi? Swali hilo ni halali. Kinachoniumiza ni kwamba akishataja kiasi, mazungumzo yameisha. Anafungashiwa begi na kusindikizwa stendi.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya jiwe la kwanza, mtu huyo anaketi na kupiga hesabu ya gharama, aone kama anazo za kumalizia. Tukumbuke maneno hayo aliwaambia akina nani. Nyuma yake kulikuwa na umati mkubwa wa watu wenye ari ya kumfuata, na yeye hakuitumia ari yao kuwakimbiza. Aliwaambia waketi. Kwa hiyo ndugu zangu mnaosema kwamba anayepiga hesabu hana imani, siwezi kukubaliana nanyi. Aliyetufundisha kupiga hesabu ndiye huyo tunayemwamini.

Na aliona mbali zaidi. Alisema kwamba anayeweka msingi akashindwa kumaliza huchekwa na wote wanaoona. Misingi ya namna hiyo ipo mitaani kwetu, imeota majani, na kila mmoja una mtu aliyeuanza kwa furaha. Hofu ya kuchekwa ndiyo inayowazuia vijana wetu kurudi nyumbani hata wanapolala njaa mjini. Wanatuma picha nzuri, wanasema kazi inaendelea vizuri, na mama anaamini.

Binti mmoja wa usharika wetu ameniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja. Alisomea mambo ya utalii, akaja ofisini na baba yake, na barua mbili. Moja ilitoka Dar es Salaam, kampuni ya kusafirisha watalii, mshahara shilingi 700,000 kwa mwezi. Nyingine ilitoka kambi moja huko juu Ngorongoro, mshahara 450,000, malazi na chakula juu ya mwajiri. Baba alikuwa ameshaamua kwamba mtoto anakwenda Dar. Laki mbili na nusu zaidi kila mwezi, mchungaji, utaziachaje?

Tukachukua karatasi na kalamu. Tulianza na barua ya Dar. NSSF asilimia 10, yaani 70,000. Kodi ya mapato hukatwa kwenye kinachobaki, na 270,000 za mwanzo hazitozwi, kwa hiyo ikaja 42,000. Binti alisoma kwa mkopo, na Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 105,000. Mkononi zikabaki 483,000. Baba alikaa kimya. Mshahara aliokuwa amewatangazia majirani haukuwa ule mtoto wake angeushika.

Tukaendelea. Shangazi yake alikuwa amemtafutia chumba na sebule Kimara, 120,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Hiyo ni 840,000 kabla hajalala humo hata usiku mmoja. Chakula, kwa kujibana, 5,000 kwa siku. Nauli ya kwenda kazini na kurudi, tukaweka 60,000 kwa mwezi. Umeme, maji na vocha, 40,000. Ikabaki 113,000.

Kwenye barua ya Ngorongoro, NSSF ilikuwa 45,000, kodi 10,800, Bodi ya Mikopo 67,500. Mkononi 326,700. Huko halipi kodi ya nyumba wala hanunui unga. Tukatoa 40,000 za vocha, sabuni na mafuta, zikabaki 286,700. Binti akaitazama ile karatasi, akasema, "Mchungaji, hii ndogo ndiyo kubwa."

Sikutaka tuishie hapo, maana mkataba ulikuwa na kipengele ambacho hakuna aliyekisoma. Kambi hufungwa wakati wa masika, Aprili na Mei, na wafanyakazi huenda likizo isiyo na malipo. Tukahesabu miezi kumi badala ya kumi na miwili. Kwa mwaka, kambini angebakiza 2,867,000 na Dar 1,356,000. Bakshishi tulikataa kuihesabu kabisa. Bakshishi ikija ni baraka, lakini huwezi kumwahidi mwenye nyumba bakshishi. Pia nilimkumbusha mwaka 2020. Watalii walioingia nchini walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, na mwaka uliofuata wakashuka hadi kama 620,000. Wengi wenu mnaosoma hapa mliishi mwaka huo kwa akiba au kwa deni, na mnajua tofauti yake. Kwa hiyo katika zile 286,700, sehemu fulani si yake ya kutumia. Ni ya masika, na ya mwaka mbaya ambao hatuujui tarehe.

Baada ya hesabu tulifungua Mwanzo 13, kwa sababu kuna mambo hayaingii kwenye karatasi. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana, malisho hayakutosha, ikabidi waachane. Abramu, aliye mkubwa, alimwachia mdogo achague kwanza. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lilivyo na maji tele. Ukisimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kabla barabara haijateremka Mto wa Mbu, ukaona migomba na Ziwa Manyara chini yako, humlaumu Lutu. Kuna nchi zinazovutia macho. Lakini alichohesabu ni maji na nyasi tu. Hakuuliza watu wa bonde lile ni akina nani, wala wanawe watakulia katikati ya nini, akasogeza hema zake hadi karibu na Sodoma.

Sisemi Dar es Salaam ni Sodoma. Kuna watu wa Mungu wengi kule, na kuna kazi ambazo kijana akianza nazo kule kwa mshahara mwembamba, baada ya miaka mitatu anakuwa na ujuzi ambao hapa asingeupata. Hilo nalo ni la kuhesabiwa. Wala kambi si mahali patakatifu. Huko juu ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, baridi na ukungu, geti la kuingilia la Lodoare linafungwa saa 12 jioni, na kwa wiki nyingi mfululizo unaowaona ni wageni na wafanyakazi wenzako wale wale. Jumapili ni siku ya kazi. Nimewaona vijana waliokuwa nguzo za kwaya wakirudi kutoka huko na pesa benki na pombe mwilini. Nilimuuliza binti: nani atajua ukiumwa? Nani atajua ukiacha kuomba? Baba yake ndiye aliyejibu, kwamba hayo hakuwahi kuyafikiria.

Binti alichagua kambi, kwa miaka miwili. Amemwomba mama mmoja wa kwaya ampigie simu kila Jumapili jioni, na mama huyo anafanya hivyo.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana na sisi tunapokea wanaohamia kwetu. Kila ajira zinapotangazwa, tunaletewa walimu na wauguzi waliozaliwa Kigoma, Mbeya, Bukoba, waliopangiwa vituo Karatu na Ngorongoro. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini viwango vya mishahara ya serikali ni vile vile nchi nzima, na bei za sokoni haziko hivyo. Mwalimu wa Karatu mjini na mwalimu wa Nainokanoka wa daraja moja wana mshahara mmoja. Huyu wa Karatu ana sokoni vitunguu vya Mang'ola na ndizi za Mto wa Mbu. Yule wa Nainokanoka yuko ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, kilometa za mraba 8,292, ambamo kilimo hakiruhusiwi. Debe la mahindi analokula limepandishwa na lori kutoka huku chini, na amelipia safari hiyo. Asiyeambiwa haya kabla hajafika atadhani tatizo ni yeye, kwamba hajui kubana matumizi.

Hata aliyepangiwa hapa mjini ana yake. Vyumba vya karibu na barabara kuu vimepanda bei kwa sababu ya utalii. Akienda kupanga mbali, bodaboda inamsubiri, na masika udongo wetu mwekundu ukishalowa nauli haiwi ile ya kiangazi. Anafika Julai na mashati mepesi, usiku wa kwanza anagundua Karatu ina baridi ya kweli. Anahitaji blanketi, godoro, mtungi wa gesi, ndoo, kodi ya miezi sita. Na mshahara wa kwanza mara nyingi hauji mwezi wa kwanza, mpaka taratibu za kumwingiza kwenye mfumo zikamilike.

Hapo ndipo anapokutana na kausha damu. Anakopa laki mbili mtaani au kwenye simu, riba inakimbia kuliko mshahara, na mshahara ukifika unapita kwake ukienda kwa mwenye deni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na kibali. Kijana aliye peke yake ugenini hasomi orodha hiyo usiku anapotafuta kodi. Wengi wa wanaokuja kwangu wakilia juu ya mshahara mdogo, nikichimba nakuta mshahara ungetosha kwa kubana, ila miezi mitatu ya kwanza iliwavunja na hawajainuka tena.

Kwa hiyo hesabu ya mnara si ya kijana peke yake. Najua, mzee wangu, uliuza ng'ombe kumsomesha, na una haki ya kutazamia mkono wake. Lakini usimpelekee ada za wadogo zake kabla hajanunua godoro. Kaeni naye kabla hajaondoka, mkubaliane kiasi na mwezi wa kuanza, na hadi mwezi huo ufike ninyi ndio mumtumie yeye.

Kuna jambo lingine na ninalisema kama mchungaji wenu. Siku hizi vijana wanahubiriwa watoe mshahara wote wa kwanza kama malimbuko. Mtoleeni Mungu sadaka, toeni kwa furaha, tangu mshahara wa kwanza. Lakini anayeleta kodi ya nyumba madhabahuni kisha akaenda kukopa kwa kausha damu, hakuna aliyemfundisha Neno. Paulo anawaambia Wakorintho, katika waraka wa pili sura ya 8, kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu. Bahasha ya ahadi ya kijana aliyeanza kazi juzi iwe nyembamba, na mzee wa kanisa asimuulize.

Nanyi mnaoajiri, wenye hoteli, shule na mashamba, someni Kumbukumbu la Torati 24:14–15. Mtajieni mtu mshahara wake, makato yake na miezi isiyo na malipo kabla hajapanda basi. Kumwambia kijana kwamba mtakubaliana akifika, huku mnajua akifika hatakuwa na nauli ya kurudi, ni dhuluma, na Mungu anasikia kilio cha kibarua.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili wahasibu wawili wa usharika watakaa na vijana ofisini. Leteni barua za ajira na mikataba yote, kurasa zote, na ukurasa ambao hamkuuelewa muukunje pembe. Wazazi mje nao. Nyumba zenye chumba cha ziada, tunaomba mmoja wenu ampokee mtumishi mpya kwa miezi miwili au mitatu, bila kodi au kwa kidogo, hadi mshahara wake utulie. Awe Mlutheri au asiwe, awe Mkristo au Mwislamu, anahitaji pa kulala. Mumwone mzee wa kanisa wa mtaa wenu kabla ya Jumamosi, kwa sababu wauguzi wapya wanaripoti Jumatatu.